Mgonjwa Asiyelipa: Mafunzo, Ujira na Mustakabali wa Mpasuaji wa Watoto

Wapo watoto wanaozaliwa utumbo ukiwa nje ya mwili, umepenya katika tundu dogo kando ya kitovu. Kitaalamu hali hiyo huitwa gastroskisisi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet, uliohusisha hospitali 264 katika nchi 74, ulionesha kuwa katika nchi za kipato cha juu watoto wa namna hiyo waliofariki walikuwa asilimia 1.4 tu. Katika nchi za kipato cha kati walifariki asilimia 31.9, na katika nchi za kipato cha chini asilimia 90. Ugonjwa ni ule ule, na tiba yake si siri ya mtu: utumbo hufunikwa kwa mfuko safi, hurudishwa ndani polepole kwa siku kadhaa, mtoto hupewa joto, maji na lishe kwa njia ya mshipa, kisha tundu hufungwa.

Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, kuanzia umbali wa hospitali hadi ukosefu wa lishe ya mshipani. Ila moja kati yake huzungumzwa kwa sauti ya chini, labda kwa kuwa inagusa mfuko wa mtu binafsi. Daktari anayejua kuutibu ugonjwa huo alisomeshwa na nani, analipwa na nani, na kwa nini akubali kuifanya kazi hiyo maisha yake yote? Kumuuliza mpasuaji wa watoto kuhusu mshahara wake huonekana kama utovu wa adabu. Si utovu wa adabu hata kidogo. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama usiku wa Jumamosi, mtoto anapoletwa akiwa na saa sita tangu azaliwe, patakuwa na mtu wa kumpokea.

Njia ya kufika huko ni ndefu. Nchini Tanzania shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka mitano, kisha hufuata mwaka mmoja wa utarajali. Wengi hufanya kazi kwa miaka kadhaa katika hospitali za wilaya au mikoa kabla ya kurudi chuoni kwa shahada ya uzamili ya upasuaji wa jumla, ambayo nayo ni miaka mitatu au zaidi. Hapo mtu huitwa daktari bingwa, na wenzake wengi wa rika moja hukomea hapo. Anayetaka kuwatibu watoto pekee huongeza tena miaka miwili au mitatu ya ubobezi. Akimaliza anakaribia umri wa miaka 35, pengine ameupita, na shangazi zake wamekwisha kuchoka kuuliza atamaliza shule lini.

Kwa muda mrefu aliyeutaka ubobezi huu hakuwa na budi kuutafuta nje ya ukanda. Mambo yalianza kubadilika baada ya kuanzishwa, mwaka 1999, kwa Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachofahamika kwa kifupi cha COSECSA na chenye makao yake Arusha. Chuo hiki hakina majengo ya mihadhara. Mwanafunzi hubaki katika hospitali iliyokaguliwa na kuidhinishwa, hufanya kazi chini ya msimamizi aliyebobea, huandika kila upasuaji aliofanya au kusaidia katika daftari lake la kumbukumbu, kisha hufika mbele ya watahini kutoka nchi mbalimbali. Hospitali za rufaa za ukanda huu zimekuwa madarasa ya namna hiyo. Huko Kijabe, Kenya, kitengo cha BethanyKids kimefunza wapasuaji wa watoto ambao leo wanafanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika.

Utaratibu huu una faida ambayo haitajwi sana. Mwanafunzi hajifunzi tu mbinu ya kufunga utumbo. Hujifunza kuufunga katika mazingira yale yale atakayoyakuta akihitimu, pamoja na mashine ya usingizi iliyozeeka na mgonjwa aliyechelewa siku tatu. Wasimamizi wa mafunzo Ulaya na Marekani hulalamika kuwa magonjwa adimu ya watoto wachanga hugawanywa kwa wanafunzi wengi mno, hata baadhi yao huhitimu wakiwa wamegusa wagonjwa wachache. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hana lalamiko hilo. Wagonjwa anao, tena kupita kiasi. Anachokosa ni mtu wa pili wa kumshauri, na usingizi wa kutosha.

Na katika miaka hiyo yote ya kusoma, nani hulipa? Daktari aliyekwisha kuajiriwa serikalini na kupewa ruhusa ya masomo huendelea kupata mshahara wake, na waajiri wengi humtaka aahidi kurudi kuwatumikia. Asiye na mwajiri hujisomesha, au husomeshwa na ukoo. Analala wodini zamu baada ya zamu, anatibu wagonjwa wa hospitali ya umma, na mwisho wa mwezi hakuna kinachoingia. Katika miaka ya karibuni serikali ya Tanzania imeanzisha ufadhili wa mafunzo ya ubingwa na ubobezi unaobeba jina la Rais Samia Suluhu Hassan. Shirika la KidsOR la Scotland, ambalo hujenga na kuvipatia vifaa vyumba vya upasuaji vya watoto barani Afrika, nalo limegharamia masomo ya baadhi ya wapasuaji. Misaada hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, ufadhili hulipa ada na posho ya kujikimu. Haulipi miaka ambayo mwenzake, bingwa wa fani nyingine, alikuwa tayari ameanza kujenga nyumba.

Akishahitimu, kipato chake hutoka katika vijito vitatu: mshahara, posho, na kazi binafsi baada ya saa za umma.

Mshahara ndio unaotabirika. Watumishi wa afya nchini Tanzania wana ngazi zao za mishahara, na ngazi hizo hutazama cheo, elimu na miaka ya utumishi. Hazimuulizi mtu kama alilofungua leo ni tumbo la mtu mzima wa kilo 80 au la mtoto wa kilo mbili. Kwa upande mmoja hiyo ni haki, maana mpasuaji wa watoto hapunjwi kwa sababu ya udogo wa mgonjwa wake. Kwa upande mwingine, miaka miwili au mitatu aliyoongeza darasani huenda isionekane kabisa katika hati ya mshahara. Kama alisoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi deni liishe. Posho za kuitwa kazini usiku zipo katika taratibu, lakini uwezo wa kuzilipa kwa wakati hutegemea makusanyo ya hospitali husika.

Tofauti kubwa baina ya mabingwa huzaliwa katika kijito cha tatu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina utaratibu wa kliniki za kulipia ndani ya hospitali, ambako mgonjwa hulipa zaidi na daktari hupata gawio. Nje yake zipo hospitali binafsi zinazomwita bingwa kwa saa au kwa upasuaji mmoja mmoja. Humo bingwa wa mifupa, wa magonjwa ya wanawake au wa njia ya mkojo hupata wagonjwa wenye ajira na bima. Mpasuaji wa watoto anao nani? Mgonjwa wake hana ajira wala bima iliyo kwa jina lake, na mara nyingi hana hata jina, kwa kuwa amezaliwa jana. Wazazi wake ni vijana, wamo katika mwaka wao wa kwanza wa kujitegemea, na wamesafiri kutoka mkoa mwingine. Kwa sera ya Tanzania mtoto wa chini ya miaka mitano hutakiwa kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Sera hiyo ni njema na hakuna mwenye akili timamu atakayeomba ifutwe, lakini maana yake kwa hospitali ni kwamba wodi ya upasuaji wa watoto hutumia vifaa vya bei kubwa na haiingizi kitu. Meneja anayepanga bajeti kwa kuangalia makusanyo ataitazama wodi hiyo kwa jicho gani?

Kisa cha Toto Afya Kadi kinafundisha mengi hapa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliuza kadi hiyo kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, bei ambayo familia nyingi za mjini ziliimudu. Mwezi Machi 2023 mfuko ulibadilisha utaratibu na kuelekeza watoto wasajiliwe kwa makundi, kupitia shuleni, kwa hoja kwamba wazazi wengi walikuwa wakikata kadi pale tu mtoto alipokwisha kuugua. Hoja hiyo ni ya kweli kihesabu, kwani bima inayobeba wagonjwa watupu haiwezi kusimama. Lakini mtoto mchanga aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa hayupo shuleni, na hatakuwapo kwa miaka kadhaa. Upasuaji wake, ambao kwa kawaida hufanywa kwa awamu mbili au tatu, unaangukia katika umri ule ule ambao soko la bima linaukwepa. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2023. Namna vifurushi vyake vitakavyolipia upasuaji wa watoto wachanga ina uzito kwa mustakabali wa fani hii kuliko hotuba nyingi za kuwahimiza vijana waipende.

Isidhaniwe kuwa ni tatizo la nchi maskini peke yake. Marekani, nchi yenye fedha nyingi zaidi za matibabu duniani, huwatibu takriban watoto wanne katika kila kumi kwa bima ya umma, Medicaid na mipango iliyo jirani nayo, ambayo hulipa kidogo kuliko bima binafsi. Mfumo wao wa madai ya malipo ulilazimika kuweka alama maalumu ya kueleza kuwa mgonjwa aliyepasuliwa alikuwa na uzito chini ya kilo nne, kwa sababu bila alama hiyo orodha ya bei haikutambua kuwa kazi ilikuwa ngumu zaidi. Wapasuaji wa watoto wa huko, waliosomea upasuaji wa jumla kwa miaka mitano na kuongeza miwili ya ubobezi, hulipwa vizuri pamoja na hayo yote. Ni kwa kuwa wengi wao huajiriwa na hospitali za watoto au vyuo vikuu, ambavyo huchukua fedha kutoka idara zinazoingiza na kuzipeleka kwenye zisizoingiza.

Uingereza imekwenda mbele zaidi. Katika huduma ya taifa ya afya, daktari bingwa wa England alianzia pauni 105,504 kwa mwaka kwa viwango vya Aprili 2024, awe anawapasua watoto au anabadilisha nyonga za wazee. Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street mjini London, iliyofunguliwa mwaka 1852, iliishi kwa michango karibu karne nzima kabla ya serikali kuichukua. Mwandishi J. M. Barrie aliipa haki za mapato ya tamthilia yake ya Peter Pan mwaka 1929, na hospitali ikawa inakula, kwa sehemu, jasho la mvulana asiyekua. Tangu zamani upasuaji wa watoto umelipiwa na sadaka au kodi, na kodi ina afadhali moja: haingoji huruma ya mtu.

Baada ya maelezo hayo ya fedha, msomaji angetarajia kuambiwa kuwa wapasuaji wa Afrika Mashariki hukimbilia ng'ambo wakishahitimu. Takwimu zinakataa. Utafiti uliofuatilia wapasuaji 1,038 waliohitimu katika nchi za ukanda wa COSECSA kati ya mwaka 1974 na 2013 ulikuta asilimia 85.1 wamebaki katika nchi walizohitimia, na asilimia 93.4 wamo barani Afrika. Watu hawa hawakuondoka. Walichokifanya wengi ni kubaki mjini, katika hospitali kubwa, karibu na shule nzuri za watoto wao na karibu na kijito cha tatu. Wa kulaumiwa hapa si daktari; mtu aliyesoma hadi miaka 35 ana haki ya kutaka wanawe wasome pia.

Kwa mpasuaji wa watoto hali ina utata wa ziada, kwa sababu hata akitaka kwenda mkoani, huenda huko hana kiti. Ajira ya umma hufuata ikama, na hospitali nyingi za mikoa katika ikama yake hujua daktari bingwa wa upasuaji, bila kubagua. Bobezi akipangiwa huko huingizwa katika zamu ya jumla. Asubuhi hupasua tezi dume, mchana mguu wa mwendesha bodaboda, na ngiri ya mtoto huipata mara moja kwa wiki ikibaki nafasi. Baada ya miaka mitatu mikono yake imesahau nyuzi nyembamba. Nchi haikumpoteza kwa London wala kwa Ghuba. Imempotezea palepale ilipomwajiri.

Wangapi wanahitajika? Utafiti mmoja wa kimataifa uliolinganisha idadi ya wapasuaji wa watoto na uhai wa wagonjwa wao uliona kwamba uwezekano wa kuokoa zaidi ya asilimia 80 huanza kuonekana nchi inapokuwa na takriban wapasuaji wanne kwa kila watoto milioni moja wa chini ya miaka 15. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na zaidi ya asilimia 40 kati yao ni wa umri huo. Hesabu rahisi inatoa mabingwa wapatao 100. Waliopo hawajakaribia nusu ya hapo.

Kuwasomesha mia moja kunawezekana, lakini idadi yao peke yake haitaleta uhai. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtoto mchanga hawezi kupasuliwa bila mtaalamu wa usingizi anayejua kupima dawa kwa gramu za uzito, na hao nao ni adimu. Baada ya upasuaji anahitaji muuguzi anayetambua kwamba mtoto wa kilo mbili akipoa nyuzi mbili za joto yuko hatarini. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, takwimu za miaka iliyopita zilionesha kuwa watoto wenye gastroskisisi walifariki kwa asilimia 98. Timu ya huko ilipanga hatua za pamoja: uangalizi wa wauguzi, mifuko ya kuhifadhi utumbo, maji na lishe kwa ratiba, wazazi kushirikishwa. Vifo vikashuka hadi asilimia 59. Bado ni vingi mno, lakini anayejua walikotoka ataelewa uzito wa namba hiyo. Upungufu huo haukuletwa na kundi jipya la wapasuaji. Waliokuwapo walipata watu wa kufanya nao kazi.

Jambo hili linaingia moja kwa moja katika suala la ujira. Madaktari wanaofikiria kuacha kazi hawatazami mshahara pekee. Kenya imeshuhudia mgomo wa madaktari wa siku 100 ulioishia Machi 2017, na mwingine wa siku 56 mwaka 2024, na katika yote miwili madai ya malipo yalifuatana na madai ya watumishi wa kutosha na makubaliano yaliyotiwa saini kutekelezwa. Mpasuaji wa watoto aliye peke yake katika kanda nzima huwa kazini saa 24, siku saba za wiki, hata akiwa msibani. Simu ikiita saa tisa usiku hana wa kumwachia. Kumwongezea posho ya usiku ni haki yake, lakini posho hainunui usingizi. Anachohitaji zaidi ni wa pili na wa tatu, wote wakiwa katika hospitali moja, ili zamu iwe zamu kweli. Ndiyo maana kuna wanaoshauri mabingwa wa kwanza mia moja wasitawanywe mmoja mmoja kila mkoa kwa ajili ya picha nzuri kwenye ramani, bali wawekwe watatu watatu katika hospitali za kanda kama Bugando, KCMC na Mbeya, na kutoka huko wafanye ziara za mikoani na kuwafunza wenzao wa upasuaji wa jumla kushughulikia ngiri, korodani zisizoshuka na huduma ya kwanza kwa mtoto kabla ya rufaa. Ushauri huo una mantiki, ingawa mwanasiasa wa mkoa usio na bingwa atakuwa na la kusema.

Kwa daktari kijana anayepima leo kama aingie, mizani si ya upande mmoja. Hatatajirika upesi. Lakini fani ni changa katika ukanda huu, na mtu anayeingia sasa huenda akawa mwanzilishi wa kitengo, mwalimu wa kwanza wa hospitali yake, au mtahini wa COSECSA kabla mvi hazijamtoka. Njia ya uhadhiri iko wazi, kwa kuwa vyuo vinavyotaka kufundisha ubobezi vinahitaji waliobobea. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, madaktari bingwa na maprofesa katika utumishi wa umma nchini Tanzania wanaweza kutumikia hadi umri wa miaka 65 badala ya 60, hivyo aliyehitimu akiwa na miaka 35 ana miaka 30 ya kazi mbele yake. Utafiti nao umejaa mashamba yasiyolimwa, na idadi ya watoto wanaozaliwa na kasoro na kufa kabla ya kufika hospitali ni moja tu ya mambo ambayo hakuna aliyeyapima sawasawa.

Kabla hajatia saini fomu ya masomo, apo maswali mawili ya kumuuliza mwajiri wake, na ayataka kwa maandishi. La kwanza: nikirudi, ikama ya hospitali hii itakuwa na nafasi yenye jina la upasuaji wa watoto? La pili: siku nisipokuwapo, nani atashika zamu?